Nilifagia banda la Tatu na Dar: uzi wa wanaouliza uanagenzi wa sokwe wa ishara

#1 Binti_Kasulu

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi wa ajira za wanyamapori kuna mdau aliandika kwamba Marekani kulikuwa na sokwe wa kuongea kwa ishara za mikono, walioitwa Moja, Tatu na Dar. Watu wakamcheka, wakamwambia apunguze kuvuta majani. Hajadanganya. Mimi nimewafulia mablanketi. Niliahidi kuleta mkasa mzima, kwa hiyo vuteni vigoda.

Tusahihishane kwanza: sokwe si nyani. Nyani ana mkia, na anakuibia mahindi. Sokwe hana mkia, na akikuibia kitu anakaa kukutazama usoni aone utafanya nini.

Chanzo ni Washoe, jike aliyekamatwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kupelekwa kwa jeshi la anga la Marekani, lile ambalo miaka michache nyuma sokwe wake walirushwa angani kabla ya watu. Mwaka 1966 wanasayansi wawili, mke na mume, Allen na Beatrix Gardner, wakamchukua kumlea Reno, jimbo la Nevada. Washoe ni jina la wilaya ile. Waliotangulia walijaribu kuwafundisha sokwe kutamka maneno wakaambulia maneno manne hivi tu, sauti ya sokwe haikuumbwa kwa kazi hiyo. Hawa wakaona mikono ya sokwe ina kazi nyingi, wakatumia Lugha ya Alama ya Marekani, ile ya viziwi. Aliishi kwenye karavani uani kwao, na walezi hawakusema neno kwa mdomo mbele yake, ishara tupu. Alipofika miaka mitano hivi alikuwa na ishara zaidi ya 130.

Baadaye wakaleta watoto wengine wachanga kabisa, na majina wakayatoa kwetu. Moja alizaliwa 1972. Pili alikufa mdogo kwa saratani ya damu. Tatu alizaliwa mwisho wa 1975. Wa nne mlitegemea aitwe Nne, sivyo? Wakamwita Dar, kifupi cha Dar es Salaam. Hesabu iliwashinda wakapanda basi.

Mwanafunzi wao, Roger Fouts, alihama na Washoe mwaka 1970 kwenda Oklahoma, na 1980 akahamia Ellensburg, jimbo la Washington, pale Central Washington University, yeye na mkewe Deborah. Kufika 1981 familia ilikuwa imetimia: Washoe, Moja, Tatu, Dar, na Loulis, dume ambaye Washoe alimlea baada ya mwanawe mwenyewe kufa. Mwaka 1993 wakajengewa jengo lao lenye uwanja wa nyasi na kamba za kupandia. Mimi nilikuwa nasoma jimbo hilohilo, nikaomba uanagenzi wa majira ya joto ya 2011. Washoe alishafariki 2007, Moja 2002. Nikawakuta Tatu, Dar na Loulis.

Nilikwenda na daftari jipya na kalamu tatu. Nikapewa buti, glovu na mpira wa maji.

Msidhani ni utani. Kazi ya kwanza ni kinyesi. Kundi moja la sokwe likihamishiwa nje, nyie mnaingia ndani kusugua, kusuuza, kukausha. Kisha jikoni: kukata matunda na mboga, kupima, kuandika nani kala nini na nani kagoma. Kisha nguo: sokwe hutandika kitanda kipya kila jioni, porini kwa matawi, pale kwa mablanketi, na mablanketi yale yanafuliwa. Kisha vichezeo, maana sokwe aliyefungiwa akikosa shughuli anaanza kujing'oa manyoya. Unaficha zabibu kavu ndani ya bomba ili ahangaike nazo, unapanga majarida, viatu vikuukuu, miswaki, vioo. Na makufuli. Kila kufuli linakaguliwa, unalisema kwa sauti, na mwenzako analikagua tena. Mtu mmoja haaminiwi peke yake, hata angekuwa profesa.

Jioni tunasoma ishara. Kila ishara unaieleza kwa mambo matatu: mkono unagusa wapi, kiganja kina umbo gani, unakwendaje. Ukikosea kimoja, ni ishara nyingine. Tulitazama kanda za video mpaka macho yakawasha, tukapewa mtihani, na aliyefeli anarudi kwenye video. Kuna mwenzetu mmoja, kichwa kizuri tu darasani, alimaliza majira yale bila kuruhusiwa kuandika takwimu hata siku moja. Alifagia vizuri sana.

Nitaendelea kesho, mtoto ameamka.

#2 KakaMkavu

Kwa hiyo dada umetoka Kigoma kwenye sokwe wa bure, ukapanda ndege mpaka Marekani ukamsafishie Dar choo. Sisi tulioko Dar yenyewe mvua ikinyesha hakuna anayetusafishia.

#3 MtotoWaTatu

Naweka kambi hapa. Mimi naitwa Tatu kwa kuzaliwa wa tatu, leo ndiyo najua nina somo wangu.

#4 Fundi_Hoja

Nisameheni, naharibu sherehe. Nimesoma saikolojia, na hii habari ilishazikwa 1979. Profesa Herbert Terrace wa Columbia alikuwa na sokwe wake, Nim Chimpsky, jina la kumtania Noam Chomsky, mwanaisimu anayeshikilia kwamba lugha ni ya binadamu tu. Alianza akiamini kama huyu dada. Alipokaa kuangalia video polepole, akaona Nim anaiga ishara alizotoa mwalimu sekunde chache kabla, anamkatiza, na karibu kila ishara ni kuomba. Sentensi yake ndefu kuliko zote ina ishara 16: nipe chungwa mimi nipe kula chungwa mimi kula chungwa, hivyohivyo mpaka mwisho. Hiyo si lugha, hiyo ni njaa.

Na ile sifa ya Washoe kumwona bata maji akasema MAJI NDEGE, Terrace aliuliza swali rahisi: mnajuaje hakuona maji akataja maji, kisha akaona ndege akataja ndege?

#5 Binti_Kasulu

Fundi, nimekupata, na kwenye MAJI NDEGE nakuachia. Tukio moja lisilorudiwa halijengi nyumba.

Lakini Nim nimwonee huruma kidogo. Alifundishwa kwenye kichumba kitupu, na katika miaka isiyofika minne alipita kwenye mikono ya walimu wapatao 60. Mtoto wa binadamu ukimlea hivyo naye ataomba chungwa tu.

Jaribio linalonishika mimi ni la Loulis. Washoe alipokabidhiwa Loulis mwaka 1979, mtoto wa miezi kumi, binadamu wote walipigwa marufuku kutumia ishara mbele yake, isipokuwa saba tu: nani, nini, wapi, ipi, taka, ishara, jina. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka mitano. Hata hivyo mtoto akaanza ishara ndani ya siku chache, na mpaka marufuku inaondolewa alikuwa na ishara kadhaa ambazo hakuna mtu aliyemfundisha. Alizitoa kwa Washoe na wenzake. Tena Deborah Fouts aliweka kamera chumbani bila binadamu yeyote, akawakuta wanapigana ishara wenyewe, wakati wa kucheza, kuchokozana, kutulizana. Hapo hakuna wa kuombwa chungwa.

Je, ni lugha kama hii tunayogombania hapa? Mimi sisemi hivyo. Ishara moja, mbili, tatu, na mpangilio wake ni wa kubahatisha. Nilichoona mimi ni kiumbe anayetumia alichonacho kumfikia mwenzake.

Haya, nimalizie ya jana.

Tunafundishwa pia adabu za kisokwe. Unaingia umeinama, hutembei umesimama kifua mbele. Unahema kwa sauti ya chini, hah hah hah. Ukisalimia unakunja kiganja na kutanguliza sehemu ya nje ya kifundo cha mkono, vidole unavificha. Na hucheki ukaonyesha meno ya juu, kwao hayo ni meno ya hofu. Mimi, wiki ya pili, mmoja wao aliniegemezea mgongo kwenye wavu nikafurahi nikasahau, nikakenua yote thelathini na mbili. Manyoya yakasimama, mlango wa chuma ukapigwa teke, jengo zima likalia. Nikakaa chini nikiomba radhi kwa ishara, mikono inatetemeka mpaka ishara yenyewe haisomeki. Jioni ile nilifunga mdomo hata nikipigiwa simu na mama.

Tatu alikuwa mtu wa peke yake. Kitu anachokipenda anakiita NYEUSI, kiwe cheusi kweli au la. Anakaa na jarida, miguu ndiyo imelishika, mikono miwili iko huru, anazitajia picha ishara zake mwenyewe bila kumtazama yeyote. Watafiti walishaandika kuhusu hilo, kusema peke yako kwa mikono. Nililisoma kabla sijafika, lakini siku nilipomwona niliona haya, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani.

#6 Mwl_Mikono

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi ni mkalimani na mwalimu wa Lugha ya Alama Tanzania, wazazi wangu wote viziwi. Habari za sokwe wa ishara huwa zinanikera kidogo, naomba mnisikilize kabla ya kunirushia mawe.

Wazazi wangu wamekua wakiitwa mabubu. Wameambiwa mikono yao si lugha, ni kuigiza tu. Halafu anakuja sokwe mwenye maneno mia na kitu, dunia nzima inapiga makofi kwamba ameweza lugha ya viziwi. Mnaona ilivyo? Ile ni lugha kamili, ina sarufi usoni, kwenye nyusi, kwenye nafasi ya hewani. Kujua ishara 130 si kuijua, kama vile kujua maneno 130 ya Kiswahili bila ngeli hakukufanyi Mswahili.

Lingine. Kwenye timu ile ya mwanzo ya Washoe kulikuwa na kiziwi ambaye lugha hii ndiyo aliyozaliwa nayo. Baadaye alieleza kwamba wenzake wanaosikia walikuwa wakijaza daftari ishara tele, yake haikujaa hivyo, na wakawa wanamlalamikia kwamba zinampita. Yeye aliona mkono unajikuna, wao wakaandika neno.

#7 Binti_Kasulu

Mwalimu, sina jiwe. Shikamoo kwa wazazi.

Ndiyo maana ya ule mtihani niliousema. Akina Gardner waliweka kanuni kwamba ishara mpya haihesabiwi mpaka waangalizi watatu tofauti waione, kisha itumike mahali pake, bila kusukumwa, kila siku kwa siku 15 mfululizo. Nasi kule kila aliyeandika takwimu alilinganishwa na mwingine aliyeangalia tukio lilelile, na msipopatana, haziingii. Lakini nakubali: sisi wanafunzi wengi tuliijua lugha hiyo kwa wiki kumi. Mtu wa wiki kumi anamkagua nani? Kiziwi angekaa kwenye kile kiti kila siku, tungeandika kidogo na tungeandika kweli. Hili sikuliona nikiwa kule. Nimeliona leo kwako.

#8 Mwana_Kivu

Jambo dada, jambo wote. Miye ni wa Bukavu, nilishatumika kama mlezi kwenye kituo cha Lwiro, kule Kivu ya Kusini, mahali wanapoleta sokwe yatima. Kiswahili changu mutanisamehe.

Munazungumza lugha, lugha. Mtoto wa sokwe hatoki mikononi mwa mama yake kama mama ni mzima. Ule munaona analetwa ndani ya kitunga, kamba kiunoni, ujue mama yake alipigwa risasi na nyama imeshaliwa. Wa kwetu wanafika hawana ishara yoyote, wanalia tu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mumoja kifuani, mchana na usiku. Hakutaka kula mpaka asikie moyo unapiga.

Na huyu Washoe alitoka Afrika Magharibi mtoto. Wala musiniambie mama yake alimsindikiza kwenye ndege.

#9 Fundi_Hoja

Hapo sina hoja.

#10 Mpita_Budongo

Salaam kutoka Masindi, Uganda. Mimi hupeleka wageni kwenye msitu wa Budongo. Ninyi mnahangaika kama sokwe wanaweza ishara zetu, mmeuliza kama wana zao?

Watafiti Catherine Hobaiter na Richard Byrne walikaa msituni hapa wakirekodi, na mwaka 2014 wakatoa maana za ishara 36 za sokwe wa porini, maana 19. Ukishaambiwa unaziona kila siku. Anajikuna kwa nguvu, mikuno mirefu yenye sauti: njoo unichambue manyoya. Mama anataka kuondoka, anamwonyesha mtoto wayo wa mguu wake: panda. Dume anachukua jani, analichana kwa meno vipandevipande, kra kra kra, huku akimtazama jike. Hiyo sitafsiri, humu kuna watoto. Akichanachana, jike anajua.

Hakuna aliyewafundisha, wala hakuna zabibu.

#11 KakaMkavu

Kuchana jani tu? Na mimi mahari ya ng'ombe kumi nilikuwa nampelekea nani?

#12 Mzee_wa_Ziwa

Nawasalimu wote. Mimi ni wa Kigoma, mstaafu.

Binti, umesimulia vizuri, lakini usiwaache vijana wadhani uanagenzi huu ulianzia Ellensburg. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka Gombe Julai 1960. Baadaye wakaja wanafunzi wengi, wazungu, wakikaa miezi, wakiandika, wakiondoka na digrii zao. Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka Zaire usiku wakateka wanafunzi wanne. Waliachiwa baadaye, wote wazima, lakini wageni waliondolewa. Sasa jiulize: daftari nani alilishika? Walilishika watu wa vijiji vya ziwani, kina Hilali Matama na wenzake, waliokuwa wakiwafuata sokwe mlimani toka kiota cha asubuhi hadi kiota cha jioni. Hawakuwa na chuo. Utafiti haukukatika kwa sababu yao, na hivi leo bado watu wa kwetu ndio wanaoamka saa kumi alfajiri.

Wewe ulifaulu mtihani wa video. Hao mtihani wao ulikuwa mteremko wa Gombe wakati wa masika.

#13 Binti_Kasulu

Shikamoo mzee wangu. Umenikamata. Babu yangu mzaa mama alipika kambini kule miaka hiyo, na mimi nilikwenda ng'ambo ya bahari kujifunza kitu ambacho angenionyesha kwa mguu. Nilipomweleza kazi yangu ya Marekani, nimlishe sokwe, nimtandikie, aliniuliza swali moja: "Kwani ana kosa gani wamemfunga?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza kwamba hawawezi kurudishwa porini, wamelelewa na watu, hawajui chakula wala mipaka, sokwe wenyeji wangewaua. Ni kweli yote. Lakini alichouliza si hicho.

#14 MwakaWaTatu_Wanyamapori

Dada habari, shikamoo. Nasoma shahada ya wanyamapori hapa nyumbani, mwakani natakiwa fildi. Naomba muongozo wa kuomba nafasi hiyo ya Ellensburg. Wanalipa?

#15 Binti_Kasulu

Marahaba mdogo wangu. Pale hapapo tena. Dar alikufa ghafla Novemba 2012, wakabaki wawili, na sokwe wawili si jamii. Agosti 2013 Tatu na Loulis wakahamishiwa Fauna Foundation, Quebec, Kanada, wakaishi na sokwe wengine, wengi wao waliotolewa maabara za tiba. Jengo likafungwa. Na sitaki lifunguliwe. Nilijifunza pale kuliko darasa lolote nililokaa, na bado nasema pasifunguliwe, maana ili mimi nijifunze ilibidi kwanza mtoto wa sokwe alelewe kama mtoto wa mtu, akue ashindwe kuwa mtu, na ashindwe kurudi kuwa sokwe wa msitu.

Malipo, hapana. Mimi nililipa, na nililala sebuleni kwa watu.

Wewe ungeangalia hivi. Karibu na Ellensburg, mji wa Cle Elum, kuna Chimpanzee Sanctuary Northwest, walipokea sokwe saba wa maabara mwaka 2008, wanafundisha watu kazi ya ulezi. Karibu zaidi kuna kisiwa cha Ngamba, Uganda, na Sweetwaters pale Ol Pejeta, Kenya, ambako sokwe si wenyeji, wameokolewa kwingine. Lwiro kwa Mwana_Kivu, hali ya usalama ikiruhusu. Ukitaka utafiti wa porini Gombe au Mahale, usianze na kiti cha ndege, anza na vibali: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na anza mapema, si mwezi mmoja kabla.

Pima kifua kikuu, kamilisha chanjo, na ukiwa na mafua usikaribie. Mafua yako ya siku tatu kwao ni msiba. Kwenye barua ya maombi usiandike unawapenda sana wanyama, kila mtu anaandika hivyo. Andika umewahi kuosha nini, na kwa muda gani.

Na picha ukiwa umembeba mtoto wa sokwe, usipige hata ukiruhusiwa. Mtu ataiona, ataona ni mnyama wa kufuga, na Mwana_Kivu atapokea kitunga kingine.

#16 Mwana_Kivu

Aksanti sana dada. Hiyo ya picha uiandike kwa herufi kubwa.

#17 MwakaWaTatu_Wanyamapori

Nashukuru dada. Kuosha nimewahi, nimelea ng'ombe wa bibi miaka sita. Nilikuwa naona aibu kuiandika.

#18 Binti_Kasulu

Iandike mstari wa kwanza.

#19 MtotoWaTatu

Swali la mwisho dada. Somo wangu aliwahi kukuita kwa ishara yoyote?

#20 Binti_Kasulu

Pale kila mtu hupewa ishara ya jina. Yangu nilipewa wiki ya nne, sikuona akiitumia. Siku ya kuondoka nilipita wavuni nikiwa na buti zangu mpya, akaziangalia muda mrefu, akaonyesha: NYEUSI. Zilikuwa za kahawia.

#21 KakaMkavu

Wakuu, mrejesho. Jioni hii nimemchania shemeji yenu jani la mwembe mlangoni, polepole, huku namtazama. Ameniuliza kama nimemaliza kufagia uwanja.